Hifadhi Inayofunguka Mteja Akiwa Bado Kitini

Wateja wetu hapa Kariakoo hawaji kuulizia mafaili. Wanakuja na kauli kama hii: “Mama, ile kalenda ya shule mliyotuchapia mwaka 2017 tunaitaka vilevile, wekeni tu miezi mipya na namba ya mkuu mpya.” Anayesema hivyo ana haki ya kuamini kwamba kazi yake ipo. Kwetu sisi tunaopanga kurasa, lililo muhimu ni kama kazi hiyo itafunguka huyo mwalimu akiwa bado kitini, au ataambiwa apite kesho.

Kalenda moja ni folda zima. Ndani yake kuna ukurasa uliopangwa, picha za miezi yote, nembo ya shule, fonti zote zilizotumika, na PDF ya mwisho iliyokwenda mashineni. Kadi za mchango wa harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano ya injili, ratiba za Ramadhani, kila kazi ina folda lake, na kila folda limebeba nakala yake ya fonti zilezile na nembo zilezile. Mwaka ukiisha, mafolda hayo ni maelfu ya mafaili madogo madogo. Ukijaribu kuyanakili hivyohivyo kwenye diski ya nje, utashinda unaiangalia kompyuta.

Njia waliyoizoea wengi ni kuyabana kuwa zip, au tar iliyobanwa kwa gzip. Zote ni njia za heshima na zimetufikisha mbali. Tar ilitokea kwenye Unix mwaka 1979, enzi za kuhifadhi kazi kwenye tepu za sumaku, na tabia ya tepu haijaitoka. Ni kama kaseti ya taarabu: wimbo unaoutaka ukiwa wa mwisho upande B, huna budi kuupitisha mkanda wote. Tar iliyobanwa kwa gzip ndivyo ilivyo. Faili likiwa mwishoni, kompyuta hulazimika kufumua yote yaliyotangulia ndipo ilifikie. Hata kuorodhesha tu kilichomo ndani ni kuusoma mzigo wote.

Zip, iliyobuniwa na Phil Katz mwaka 1989, ilitatua sehemu kubwa ya tatizo hilo, kwa sababu mwishoni mwake huweka orodha inayoonyesha kila faili lilipo. Unaweza kuchomoa faili moja bila kugusa mengine. Ila programu ya kupanga kurasa haijui kuchomoa. Inataka kuona folda, na ndani ya folda ikute picha palepale zilipokuwa siku kazi inapangwa. Kwa hiyo lazima uifumue kazi nzima kwanza mahali fulani, uitumie, kisha ukumbuke kufuta. Hakuna anayekumbuka kufuta. Baada ya miezi kadhaa diski ya kazi imejaa mafolda yenye majina kama “kalenda mpya mpya 2”, na hakuna dizaina anayeweza kuapa lipi ndilo la asili.

Kwenye hifadhi yetu mimi nashikilia njia nyingine, nayo ni imeji ya diski. Kazi zote za mwaka zinakuwa faili moja lililobanwa, na kompyuta inalichukulia faili hilo kama diski iliyochomekwa. Unalipachika kwenye mfumo, na papo hapo folda linatokea likiwa na kazi zote zimejipanga kama zilivyokuwa. Hufumui chochote. Dizaina anabofya kalenda ya 2017, na kompyuta inafumua vile vipande tu vinavyohitajika kuionyesha kalenda hiyo. Kazi nyingine zinabaki zimebanwa.

Muundo ninaoutumia unaitwa SquashFS. Aliyeuandika ni Phillip Lougher, ambaye alitoa toleo la kwanza mwaka 2002, na mwaka 2009 ukaingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux. Inawezekana unao nyumbani bila kujua, kwa kuwa ruta nyingi za intaneti zimefungasha mfumo wao kwa SquashFS, na diski ya kujaribia Ubuntu bila kuisakinisha imekuwa ikiutumia kwa miaka mingi.

Ndani yake, kila faili hukatwa vipande vya kilobaiti 128, na ukitaka unaweza kuvikuza hadi megabaiti 1. Kila kipande hubanwa peke yake, na faharasa huonyesha kila kimoja kilipo. Kipande kikubwa hubanika vizuri zaidi, kidogo husomeka haraka zaidi. Sisi tunatumia megabaiti 1, kwa kuwa kazi za zamani hazifunguliwi kila saa. Kwa kubana tunatumia zstd, ambayo hufumua haraka sana, na hiyo ndiyo kasi anayoihisi mteja aliyekaa anasubiri.

Jambo lililonishawishi kuliko yote ni jinsi SquashFS inavyoshughulikia marudio. Inapofungasha, huyatambua mafaili yanayofanana kabisa na kuhifadhi moja tu. Fonti ya megabaiti 5 iliyomo kwenye mafolda 40 inakula megabaiti 200. Ndani ya imeji inabaki megabaiti 5, tena kabla hata ya kubanwa. Zip hubana kila faili kivyake, kwa hiyo itaibana fonti hiyo mara 40. Nayo gzip inapotafuta yanayojirudia hutazama nyuma kilobaiti 32 tu, kwa hiyo nakala iliyo mbali zaidi ya hapo haioni. Kwa duka la uchapaji, ambako nembo ya kanisa moja inarudi kwenye kila kazi ya kanisa hilo, hapa ndipo nafasi inapookolewa.

Amri yenyewe ni mstari mmoja: mksquashfs, jina la folda, jina la imeji, halafu -comp zstd -b 1M. Tahadhari moja nawaambia vijana wangu kila mara: kama imeji yenye jina hilo tayari ipo, mksquashfs haiifuti, inaongezea humohumo. Ukitaka ianze upya, weka -noappend. Ikishamaliza, naipachika na kuilinganisha na folda la asili kwa diff -r, faili kwa faili, na hakuna ruhusa ya kufuta asili kabla diff haijanyamaza.

Pale ofisini kompyuta moja kuukuu yenye Linux ndiyo inayopachika imeji za miaka yote kila inapowashwa, na kuzigawa kwa Samba kwenye mashine za Windows za madizaina. Wao wanaona mafolda ya kawaida. Lakini hakuna awezaye kuandika juu yake, kwa kuwa SquashFS ni ya kusoma tu. Dizaina akibadilisha namba ya simu, hana njia ila kuhifadhi kazi mpya kwenye folda la mwaka huu. Ile ya 2017 inabaki kama ilivyotoka mashineni, na mteja akibishana kuhusu kilichochapwa, ushahidi upo.

Usitegemee miujiza kwenye ukubwa. Picha za JPEG tayari zimebanwa, na PDF nyingi vilevile, kwa hiyo hazipungui kwa maana. Kazi inayoendelea pia usiifungashe, isubiri ikamilike. Na ukitaka kuibeba imeji kwenye flashi, angalia kwanza flashi imeformatiwa vipi. FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, exFAT inapokea. Mwenye Windows peke yake anaweza kuifungua kwa 7-Zip na kutoa anachotaka, ingawa hapo raha ya kupachika anaikosa. Watumiaji wa Mac wana DMG, muundo wao wenyewe, nao hubanwa na kupachikwa kwa namna inayokaribiana na hii.

Hofu ya kweli ni kuweka mwaka mzima ndani ya faili moja. Kipande cha data kikiharibika unapoteza mafaili yanayokitegemea, lakini ikiharibika faharasa unaweza kukosa imeji nzima. Soko Kuu hapa jirani liliungua Julai 2021, na hakuna mwenye duka Kariakoo anayehitaji kuelezwa zaidi kwa nini nakala ya pili isilale chini ya paa lilelile. Yetu iko nyumbani kwangu, Mbagala. Kila Januari nazisoma zote mbili kwa sha256sum na kulinganisha na namba nilizoziandika kwenye daftari siku imeji ilipotengenezwa. Ikitofautiana moja, naifuta na kunakili upya kutoka kwenye nzima, kisha naipachika na kufungua kazi mbili tatu kwa macho yangu kabla ya kuweka alama ya vema.