Ukuta wa seli ni kiambaza

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili, anayetafsiri mada za biolojia, aliniuliza: "Profesa, kama seli ya mmea imezungukwa na ukuta, mbona mmea hukua?" Swali zuri hilo. Tatizo ni picha inayotujia tukisikia neno 'ukuta': mawe, saruji, kitu kisichosogea.

Jina 'seli' lenyewe lilitokana na kuta. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu, akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya chumba kidogo. (Naam, ndilo lililotupa pia seli za polisi!) Aliziona kuta tu, wenyeji walikuwa wamekufa zamani.

Sasa hebu fikiria kiambaza, ule ukuta wa fito na udongo. Fito ni selulosi: minyororo mirefu ya glukosi inayotengenezwa na mitambo midogo mno kwenye utando wa seli, kisha ikashikana kuwa nyuzi imara. Kamba zinazofungamanisha fito ni hemiselulosi. Udongo unaokandikwa katikati ni pektini. Kamba na udongo huandaliwa ndani ya seli, ndipo vikapelekwa nje. Ila udongo huu haukauki. Seli ikitaka kukua hulegeza mafungo, maji yaliyomo ndani yanasukuma, ukuta unatanuka na fito mpya zinaongezwa. Nyumba inapanuliwa mwenyewe akiwa ndani!

Saruji huja baadaye, tena si kwa kila seli. Ukuaji ukikoma, baadhi hujenga ukuta wa pili upande wa ndani na kuujaza lignini. Hiyo ndiyo mbao ya mvule.

Pektini pia hugandisha seli na jirani zake. Embe likiiva, vimeng'enya huivunjavunja, tunda likalainika. Marehemu mama hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini alijua kutia magadi kwenye maharagwe sugu. Magadi huilegeza pektini, maharagwe yakaiva upesi.

Je, tulitupe neno 'ukuta'? Sidhani; limekwisha kuzoeleka madarasani. Lakini mwalimu anayelitamka bila kutaja kiambaza anamfunza mtoto kuhusu vijumba vya Hooke, vilivyokwisha kuhamwa. Mwanafunzi wangu ameliacha 'ukuta' katika matini, akaeleza 'kiambaza' kwenye tanbihi. Nimemwambia akipandishe juu.