Tusifu Ua la Pareto, Tuulize na Kiyeyushi Chake

Mkazi wa Molo, Elburgon au Mau Narok hahitaji kuelezwa pareto ni nini. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hili, na maua ya wakulima yakapelekwa kiwandani Nakuru. Zao lilipoporomoka, wengi waliling'oa. Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 ilifungua mlango wa kulifufua, na tangu hapo mjadala umekuwa wa bei, miche na malipo. Liko swali moja lisiloulizwa: je, dawa iliyomo ndani ya ua hutolewa kwa njia gani?

Ua kavu huwa na takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya pirethrini, yaani viini viuavyo wadudu. Ili kuvipata, maua husagwa na kuloweshwa katika kiyeyushi. Desturi ya viwanda vya pareto ni kutumia heksani, kimiminika kitokanacho na mafuta ya petroli, ambacho baadaye huvukizwa kwa moto. Heksani hushika moto kwa wepesi, na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru neva za mikono na miguu. Isitoshe, pirethrini zenyewe hazivumilii joto kali. Hiki ni kinaya: dawa isifiwayo kwa kutodumu katika mazingira hutolewa kwa kimiminika chenye madhara.

Mwaka 2005, mwanakemia Philip Jessop wa Chuo Kikuu cha Queen's, Canada, pamoja na wenzake, walitangaza viyeyushi vinavyoweza kugeuzwa tabia kwa kaboni dayoksaidi. Miaka mitano baadaye Jessop na wenziwe walionyesha aina nyingine, wakaitumia kukamua mafuta ya soya. Kiyeyushi hicho, kwa kawaida amini, hakichangamani na maji, hivyo huyayeyusha mafuta. Ukitia maji na kupuliza kaboni dayoksaidi, hugeuka kuwa chumvi, kikaingia majini na kuyaacha mafuta peke yake. Ukiiondoa gesi hiyo kwa joto la wastani, kiyeyushi hujitenga na maji, tayari kwa kazi nyingine. Haja ya kukivukiza chote huondoka.

Gesi yenyewe si ngeni kwetu. Huko Kereita, katika eneo la Lari ukingoni mwa Bonde la Ufa, kaboni dayoksaidi huchimbwa ardhini na kuuzwa.

Hata hivyo, tusiige kwa pupa. Pirethrini ni esta, na amini ni besi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kwamba besi ikikutana na esta penye maji, huweza kuivunja. Yamkini kiyeyushi kifaacho soya kikaiharibu pareto. Aidha, baadhi ya amini zina sumu yake. Hatuna budi kupima kabla ya kusifu, na kulinganisha pia na kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa mpaka ikawa kiyeyushi yenyewe.

Kazi hiyo itafanywa na nani, ikiwa si sisi? Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, jirani na mashamba. Walimu wa kemia wa Nakuru nao wanaweza kulifanya ua hili kuwa somo: lina nini, linayeyuka katika nini, na kiyeyushi huishia wapi baada ya kazi. Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani; ya tano yahusu viyeyushi salama. Kanuni hiyo haitoshi kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Ziwa Nakuru halina mto utokao. Lolote liingialo humo halina pa kwenda. Tunapojenga upya sekta ya pareto, kiyeyushi na kichaguliwe kabla ya mitambo kununuliwa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.