Usimdanganye Mtoto: Namna ya Kumtayarisha kwa Kipimo cha Mishipa ya Fahamu





Mtoto anapokuwa hageuki akiitwa, au ameugua homa ya uti wa mgongo au manjano makali ya uchangani, daktari huweza kuagiza kipimo cha mwitikio wa mishipa ya fahamu. Wazazi wengi, kwa huruma, humwambia mtoto: "Tunakwenda mjini kutembea." Akifika na kuona nyaya, hulia na kujitupa, na kipimo hakifanyiki. Familia iliyovuka bahari kutoka Pemba hurudi bila majibu, na mtoto hamuamini tena mzazi wake.

Tukumbuke Hadiyth ya 'Abdullaah bin 'Aamir (Radhwiya Allaahu 'anhu), iliyomo katika Sunan Abiy Daawuwd. Alipokuwa mdogo mama yake alimwita akimuahidi kumpa kitu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuuliza mama huyo alikusudia kumpa nini, akajibu kuwa ni tende. Akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Basi kumdanganya mtoto si jambo dogo.

Kipimo chenyewe ni nini?

Fundi hubandika vibati vidogo vyenye nyaya kichwani. Vibati hivyo havitii umeme kichwani. Vinapokea tu ishara za ubongo.

1. Cha masikio: mtoto husikilizishwa milio midogo kwa vifaa vya masikioni. Mchanga hupimwa akiwa amelala.

2. Cha macho: hutazama skrini yenye miraba myeusi na myeupe kama bao la drafti, jicho moja likiwa limefunikwa. Kwa kawaida ubongo hujibu baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde.

3. Cha hisia: umeme mdogo hugusa kifundo cha mkono au cha mguu, na kidole hurukaruka.

Kipimo hakimtibu mtoto wala hakipimi akili yake. Kinaonyesha kama ujumbe unafika kwenye ubongo, na kwa kasi gani.

Tumwambie nini?

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita aambiwe siku moja kabla, kwa maneno machache. Mbandikieni mwanasesere vipande vya plasta kichwani, kisha naye abandikwe. Mkubwa zaidi aelezwe mapema na aachwe aulize. Msimwambie "hutasikia kitu" ikiwa kipimo ni cha hisia, mwambieni: "Utahisi kama unagongwagongwa kidogo, kidole kitacheza, nami nitakuwa karibu yako." Mkimuahidi zawadi, mpeni.

Matayarisho ya nyumbani

Mfumueni misuko, mumuoshe nywele kwa sabuni, na msimpake mafuta. Mvueni hereni na mikufu. Ama hirizi, ivuliwe na isirudishwe, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuitundika; msomeeni Al-Faatihah na Al-Mu'awwidhaat.

Mkitakiwa mumpeleke akiwa na usingizi, mchelewesheni kulala usiku na msimwache asinzie botini. Akipewa dawa ya usingizi, fuateni saa za kutokula mlizopewa hospitali bila kupunguza hata kidogo. Kumlisha kwa siri kwa kumuonea huruma ni hatari, kwani anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni.

Masuala ya kisharia

Binti aliyebaleghe ahudumiwe na mwanamke akipatikana. Asipopatikana, inajuzu kwa dharura kufunua sehemu inayohitajika tu, mahram wake akiwepo.

Kipimo hiki hakibatilishi Swawm, kwani si chakula wala kinywaji. Dawa ya usingizi ya kunywa huibatilisha, na aliyebaleghe atalipa siku hiyo. Mtoto mdogo hana wajibu wa kufunga.

Tunawanasihi wazazi wasiahirishe kipimo kwa hofu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kutafuta tiba, na mtoto asiyesikia akijulikana mapema husaidiwa mapema kujifunza lugha.

Tunamuomba Allaah Awape watoto wetu shifaa na Awape wazazi wao subira.

Wa Allaahu A'lam.