Ndege Ndogo Zilipokuja Kuchangia Boti ya Wagonjwa



Sisi watu wa pwani tumezowea kuchangiana. Arusi huchangwa, matanga huchangwa, na msikiti ukivuja dari watu hutia mikono mifukoni kabla imamu hajamaliza kueleza. Lakini mchango wa watu wanaokuja kwa ndege, kila mtu na yake, kama manahodha wajapo na majahazi yao siku ya mashindano, huo sikuwa nimeuona mpaka nilipotiwa katika kamati ya mkusanyiko mmoja wa namna hiyo, kwenye kiwanja kimoja cha murram cha mwambao wetu. Jina la kiwanja silitaji. Kamati haikunituma kuisemea, na baadhi ya nitakayoyaeleza ni ugomvi wa ndani.

Kwanza nieleze mkusanyiko wenyewe ni kitu gani. Wako watu, hapa Kenya na kwengineko, ambao kurusha ndege ndogo ni mapenzi yao na wala si kazi yao. Mmoja ni daktari wa meno, mwingine mkulima, mwingine ana duka. Siku za kazi yuko kazini kwake, na Jumamosi yuko hewani. Chama chao cha kale kwetu ni Aero Club of East Africa, kilichoanzishwa mwaka 1927, na makao yake yako katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Watu hawa hupenda kuagana siku, kila mmoja atoke kwao, wakutane mahali, watazamane ndege, wale, wazungumze, kisha kila mtu arudi kwao jua halijachwa. Mkusanyiko uliovuma kupita yote uko Marekani, katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Ulianza mwaka 1953 mjini Milwaukee kwa juhudi za Paul Poberezny na wenziwe waliokuwa wakijiundia ndege majumbani mwao, na tangu mwaka 1970 uko Oshkosh. Siku hizi kila Julai ndege zipatazo 10,000 huja mji ule na viunga vyake, hata mnara wa kuongozea ndege wa pale huwa na kazi nyingi kuliko mnara wowote duniani kwa juma lile moja.

Wengi wao hutumia ndege aina ya Cessna 172, ambayo ndiyo matatu ya angani: ilirushwa mara ya kwanza mwaka 1955, zimeundwa zaidi ya 44,000, na hupakia watu wanne pamoja na rubani. Mafuta yake si ya kituo cha petroli cha barabarani. Ni ya namna yake, yametiwa rangi ya buluu yasichanganywe na mengine, na kwa saa moja hunywa lita thelathini na kitu. Basi mtu mwenye akili hujiuliza: maadam mafuta yatachomwa kwa ajili ya furaha tu, kwa nini furaha hiyo isimfae na mtu mwingine? Hapo ndipo sadaka inapoingia.

Tena ndege ndogo na tiba ni jamaa wa siku nyingi katika nchi hizi. Mwaka 1957 mabingwa watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Huyo McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya nyuso na mikono marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili, na Wood alikuwa akirusha ndege mwenyewe. Watu wa Lamu nao wanamkumbuka Dkt. Anne Spoerry, waliyemwita Mama Daktari, aliyejifunza kurusha ndege akiwa amekwisha kupita miaka arubaini, akawa akizishukia sehemu zile kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1999. Yameandikwa baadaye mambo mazito juu ya siku zake za kifungoni Ulaya wakati wa vita. Hayo yana hakimu wake, nami sipo.

Haja yetu ilikuwa ndogo kuliko hizo: boti yenye mashine ya kuwavusha wagonjwa na waja wazito kutoka visiwani hadi bara. Walioishi visiwani wanajua kungoja maji yajae huku mtu anauma meno kwa uchungu ni kitu gani. Chama cha marubani kikasema kitakuja. Kamati ikaundwa: marubani wawili, maalim wa chuo, nahodha mmoja mstaafu, Bi mmoja mtu mzima ambaye ni mkunga, na mimi wa kuandika na kusoma shairi.

Kikao cha kwanza kilikwenda katika kuchagua siku. Marubani walikuja na kalenda, na nahodha akaja na kichwa chake. Masika yakaondolewa mara moja, kwani murram ukilowa gurudumu huzama. Ramadhani ikaondolewa, na hiyo husogea siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hivyo aliyeandika tarehe kwa kutazama mwaka jana hupotea. Ijumaa ikaondolewa, isije ndege ikanguruma juu ya khutuba. Ikabaki kusi na kaskazi. Rubani akaeleza kuwa ndege hutua ikiukabili upepo, na upepo ukiwa wa ubavuni na ukali wake umepita maili kumi na tano za bahari kwa saa, mwenye Cessna yake mwenye busara hatui.

"Basi msije Juni wala Julai," akasema nahodha. "Kusi hiyo itawapiga ubavuni. Mimi nikiona upepo haunifai nageuza tanga. Kiwanja chenu kimelala pale pale. Njooni kaskazi ikiwa imetulia, na muingie asubuhi, kwa kuwa adhuhuri ikipita upepo wa bahari huongezeka."

Rubani akaandika kila neno.

Kikao cha pili ndicho kilichotaka kuvunja kamati. Rubani mmoja, mtu mwema sana, alieleza namna fedha zinavyopatikana katika mikusanyiko ya wenziwe: tikiti za bahati nasibu huuzwa, hutiwa ndooni, na itakayotoka mwenyewe hupandishwa ndege akazungushwa mji. Maalim alikuwa amenyamaza tangu mwanzo. Akavua miwani.

"Bwana, hiyo ni kamari."

"Lakini Maalim, fedha zote ni za wagonjwa."

"Hata zikiwa za mayatima. Huyu ametoa mia akapata, na huyu ametoa mia akakosa. Mgonjwa wangu hapandi boti iliyonunuliwa kwa kamari, na mimi sitasimama msikitini kuitangaza."

Pakawa kimya. Mwingine kando yangu akanong'ona kwamba Maalim atatukosesha boti kwa ajili ya tikiti. Nami nakiri kwamba kwa dakika moja nilidhani hivyo hivyo. Kumbe aliyefungua njia ni yeye mwenyewe: "Fanyeni mnada. Aliyetoa fedha kachukua kitu chake, na asiyetaka kanyamaza. Nani amekatazwa mnada?"

Kisha yule rubani wa pili, aliyekuwa mtaratibu, akakohoa akasema kwamba hata sheria ya usafiri wa anga iko upande wa Maalim kwa sababu zake. Mwenye leseni ya kurusha ndege kwa mapenzi hana ruhusa ya kuchukua ujira kwa kupakia watu; akipokea fedha amekuwa mfanya biashara, na biashara ina leseni yake, ukaguzi wake na bima yake. Marekani wamefungua mlango mdogo kwa ajili ya sadaka: kwa kanuni ya mwaka 2007 rubani wa kawaida aweza kuwazungusha watu kwa mchango, ila awe amekwisha kuruka saa 500, iwe mchana, asitoke maili 25 nje ya kiwanja, na isizidi mara nne kwa mwaka. Sisi hatukutaka kwenda mbio na mamlaka kwa ajili ya boti. Tukakata shauri: hapana mtu kupandishwa angani, watoto wataingia kukaa ndani ya ndege iliyozimwa, bure.

Shindano la kudondosha vifurushi vya unga kutoka juu kulenga shabaha nalo lilikufa siku hiyo hiyo. Bi mkunga aliuliza swali moja tu, kama unga huo ni wa kuliwa.

Yeye ndiye aliyeleta la tatu, ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikiri kabisa. "Nyumba zetu zina viwanda wazi," akasema, "na juu tuna madari. Wanawake huanika nywele, huoga watoto, hukaa bila mtandio, kwa kuwa kuta zatusitiri. Ninyi mtapita juu ya kuta."

Rubani akamjibu kwa adabu kwamba sheria haimruhusu kupita juu ya mji chini ya futi 1,000 kutoka jengo refu lililo karibu.

"Futi elfu ni kiasi gani, mwanangu?"

Nahodha akapiga hesabu kwa vidole: "Mnazi juu ya mnazi, Bi, mpaka ufike kumi na tano."

"Na kutoka huko hawaoni?"

Yule kijana angaliweza kusema uongo mdogo, na mkutano ukaendelea. Akasema, "Uso siuoni, Bi. Lakini kanga iliyoanikwa naiona, na rangi yake."

Basi ikachorwa ramani. Ndege zote zingeingia kwa upande wa bahari, zizunguke juu ya maji, na hapana hata moja kukata mji. Ramani hiyo ilipelekewa kila rubani pamoja na habari za urefu wa kiwanja na mahali pa kuegesha. Nimeambiwa baadaye na mmoja wao kwamba alipata kutua katika viwanja vingi, lakini hicho ndicho cha kwanza kupangiwa njia na mkunga.

Mengine yalikuwa kazi ya mikono: kufukuza mbuzi, kujaza mashimo, kupandisha mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, ndoo za mchanga na mitungi ya kuzimia moto, kamba ya kuwazuia watu. Kamba hiyo isidharauliwe. Rafadha, au pangaboi kama watoto walivyoiita, ikizunguka kwa kasi haionekani, na mtoto anayekimbilia ndege hukimbilia hapo hapo. Tukaweka vijana wa skauti, na amri moja: hapana kuvuka mpaka mashine izimwe na rubani ashuke.

Siku ilipofika tulingoja ndege tisa. Zikaja sita. Mbili kati ya zilizotoka Nairobi zilikuta mawingu mazito njiani zikarudi, na ya tatu haikuondoka. Wanakamati walinuna. Nahodha peke yake alifurahi: "Aliyerudi ndiye nahodha," akasema, na kweli mmoja wa waliorudi alituma mchango wake alasiri ile ile.

Shairi langu nililisoma wakati ndege ya nne inaingia. Sidhani kama kuna aliyesikia ubeti wa pili.

Mnada ulikwenda vizuri kuliko tulivyotumai. Kofia moja ya vito iliuzwa mara tatu, kwa kuwa kila aliyeinunua aliirudisha mezani iuzwe tena, na mara ya tatu ikabaki kichwani kwa rubani mwenye nywele nyeupe ambaye hakuivua hata alipokuwa akiondoka. Lakini lililonikaa mimi ni jingine. Binti mmoja wa chuoni, wa miaka tisa au kumi, alikaa ndani ya ndege akauliza kama kibla chajulikana ukiwa juu. Rubani, ambaye si Mwislamu, akamwonyesha dira. Binti akaitazama, akamwambia: "Basi ukitoka kwetu fuata hii N moja kwa moja." Na ndivyo ilivyo, Makka iko karibu kaskazini kamili ya mwambao wetu. Rubani alifungua ramani kuhakikisha, kisha akamwita mwenziwe aje aone.

Kiwanja hakina taa, kwa hivyo saa kumi na nusu ndege ya mwisho ilikuwa imekwisha kupaa, ikazunguka juu ya maji kama ilivyoandikwa, ikaelekea bara. Fedha tulizihesabu juu ya mkeka baada ya sala ya magharibi, watu watatu mbele ya watu ishirini, na hesabu ikabandikwa mlangoni mwa zahanati. Mashine ya boti imekwisha kuagizwa. Lililobaki ni kama majina ya waliotoa yaandikwe ubavuni mwa boti au yasiandikwe: marubani wamesema hawataki, wafanya biashara wawili wa mjini wanataka, na Maalim ameomba kikao kingine.