MUTUKA WA MBIO TUNAOUJENGA NYUMBANI



Kati yetu nani hajapata kusukuma mutuka wa nyaya? Wakubwa wengi wanasema ni mchezo wa watoto tu. Sisi tunataka kuonyesha hapa kwamba ndani yake mna elimu, ile ile ya wale wanaojenga mituka ya kweli.

Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alitoa mutuka mdogo wa mbio, jina lake Lotus Seven. Wengi waliununua vipande-vipande, wakaufunga wenyewe nyumbani, kwa sababu kodi ya mutuka uliokwisha kufungwa ilikuwa kali, na vipande havikutozwa hivyo. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham njo inautengeneza. Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kujenga mfano wake nyumbani kwa paundi 250. Hivyo wazazi na watoto wengi wakaanza kazi hiyo pamoja.

Siri ya mutuka huo ni wepesi: uzito wake ni kama kilo 500 tu. Mifupa yake ni vyuma vyembamba vya bomba vilivyoungwa pembetatu-pembetatu. Kwa nini pembetatu? Tujaribu. Funga vijiti vinne kwa kamba, upate mraba. Sukuma pembe moja: mraba unalala. Sasa tia kijiti cha tano toka pembe hadi pembe. Haulali tena! Pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka upande mmoja uvunjike au ujipinde.

Basi, na sisi tujenge wetu. Katika Lotus Seven, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna kama mita 2.24. Tukigawanya kwa 8, tunapata santimita 28. Kila kipimo tukigawanye kwa 8, maana mutuka huo pua yake ni ndefu na dereva anakaa karibu na magurudumu ya nyuma. Tusipofuata hesabu, tutapata kamyo!

Kazi igawanywe nyumbani. Kaka mkubwa au baba akunje nyaya kwa koleo. Mama atupe mikebe mitupu ya kufanyia bodi. Mdomo wa mkebe unakata sawa kisu, tuukunje kwanza. Wadogo wakate magurudumu katika kamambili za zamani. Kila gurudumu lizunguke peke yake, kwa sababu penye kona lile la nje linakwenda njia ndefu kuliko la ndani. Yakishikana, moja litaburuzwa. Mwisho tunatia waya mrefu toka ekseli ya mbele hadi mkononi, na volani juu yake.

Nyaya tutazipata wapi? Hapa tusikilizane vizuri. Wengine wanachoma matairi ili watoe nyaya: moshi wake ni sumu ya kifua. Wengine wanatazama nguzo za umeme. Sisi wa Piana-Mwanga tunajua neno hili kuliko wengine, maana kituo cha umeme kilijengwa kwetu penye mto Luvua, wakati wa ukoloni, ili kupeleka nguvu kwenye machimbo ya Manono. Waya wa umeme, hata ukilala chini, hata ukionekana umekufa, usiuguse! Umeme hauna rangi wala harufu, na haumwonyi mtu mara mbili. Tena waya mmoja ukikatwa, taa za wagonjwa zinaweza kuzimika. Nyaya zetu ziwe zile za vitu vilivyokwisha kutupwa, na mwenyewe aombwe kwanza.

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Besaleli, aliyepewa na Mungu akili ya kazi ya mikono. Basi tusiidharau kazi hiyo. Mwenye kujua kwa nini pembetatu hailali, kesho atajenga daraja, kesho kutwa paa la kanisa. Wadogo zetu wanatutazama: tuwafundishe kujenga, wakae wazima.