Je, Wajua? Mbolea iliyoachwa na ndege
Mawe ya fosfeti yanayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, yalitokana zaidi na kinyesi na mabaki ya ndege wa majini, hasa mnandi, waliojilisha samaki wa ziwa la kale. Yakisagwa huwa mbolea ya kupandia, ila si ya kila shamba. Fosfeti hiyo huyeyuka polepole, na hutaka udongo wenye asidi ndipo iifikie mizizi. Kalisi iliyomo nayo hupunguza kidogo ukali wa udongo. Penye magadi, unga wenyewe hukaa tu, fedha ikazikwa. Mahindi machanga yakigeuka zambarau, huenda yanalilia fosforasi, kirutubisho kilichomo katika fosfeti, ingawa hata baridi huleta rangi hiyo. Kipimo cha udongo ndicho huamua.