Je, Wajua? Unyonge wa 1HZ Ndio Uhai Wake

Injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, ina lita 4.2 na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lakini nguvu yake haifiki hata farasi 140. Kwa ukubwa huo ni kidogo mno. Hata hivyo magari ya watalii, ya misaada na ya wagonjwa Afrika Mashariki yameitegemea kwa miongo, na sababu ni unyonge huohuo. Haina turbo. Dizeli husukumwa na pampu ya kimakanika, bila kompyuta, na huanza kuwaka katika chemba ndogo ndani ya silinda hedi. Presha ya kunyunyizia dizeli ni ya chini kuliko ya injini za kisasa, kwa hiyo huvumilia zaidi dizeli isiyo safi.

Wapo watakaosema dawa ni kuifungia turbo. Mbio zitaongezeka, ni kweli, lakini joto la ziada huishia kwenye chemba zilezile, na hedi hupasuka hapohapo, hasa fundi akizidisha dizeli bila kupima joto la moshi. Wanaolaumu mkanda wa taimingi wana hoja nzito zaidi: ukikatika, valvu hugonga pistoni. Ila hilo ni suala la matunzo, kwani mkanda hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000, na mwenye gari hawezi kusingizia kwamba hakuonywa.